Filta Isiyochafuka

Jumatatu, 4 Agosti

Mwongeli ameondoka. Ndanu pia. Wameenda Kangundo kwa mama mkwe, na mke wangu amebeba cherehani. Mwanamke anayeenda kumsalimia mamake habebi cherehani! Nimekaa kwenye sofa nikitazama pale ilipokuwa, na sijisikii vizuri hata kidogo.

Niweke mambo wazi hapa, kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza. Kosa si langu. Kosa ni la vumbi. Hapa Athi River tunaishi kando ya barabara ya malori ya mawe na saruji. Ukifuta meza, ukigeuka kuchukua kikombe, meza imerudi kuwa ya kijivu. Kifua cha binti yetu hakipatani na vumbi hilo. Ndanu yuko gredi ya pili, amejua kusoma juzi tu, na sasa anasoma kila kitu kwa sauti: mabango, pakiti za unga, hata maandishi ya tairi. Siku hizi hamalizi sentensi bila kukohoa. Daktari alisema tununue mashine ya kusafisha hewa ya nyumba, ile yenye filta. Hiyo ilikuwa Pasaka. Nilisema nitanunua wiki ijayo, na nimeendelea kusema hivyo kila wiki bila kubadilisha msimamo.

Sasa mama mkwe amekata shauri. Ujumbe wake umenifikia kupitia Mwongeli, maana mimi naye hatuongei ana kwa ana. Ni nthoni, ile heshima ya sisi Wakamba: mwanamume haingii chumba alimoketi mama wa mkewe, wala hamtazami usoni, na ukivunja unalipa mbuzi. Wengi siku hizi wameiacha. Mama mkwe hajaiacha, na mimi, kusema kweli, naipenda sana.

Ujumbe ni huu. Shule zikifunguliwa tarehe ishirini na tano na hewa ya nyumba hii bado ni chafu, Ndanu atasomea Kangundo. Nafasi imeshapatikana. Mamake atabaki naye, na cherehani itapata kona sokoni.

Nimekula ugali na maziwa peke yangu. Ndanu angekuwa hapa angesoma pakiti yote mpaka tarehe ya kuharibika. Nitainunua hiyo mashine. Lakini nitainunua kwa akili.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya upelelezi kwa Jeremiah. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, msimamizi katika kiwanda cha nguo, na kazi yake nyingine ni kunitangulia. Tangi la maji, alinitangulia. Taa za sola, alinitangulia. Mashine ya hewa anayo tangu Januari ya mwaka jana! Alinikaribisha huku akivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayeonja supu, ili nione jinsi hewa yake ilivyo tamu.

Halafu akanionyesha filta yake ya kwanza. Ameihifadhi. Iko nyuma ya kabati, nyeusi tititi, na anaitoa mbele ya wageni kama wengine wanavyotoa albamu ya harusi. Akasema uchafu huo wote ungekuwa kifuani mwake. Nikamwambia pole.

Akanishauri, bila kuombwa. Akasema Wathome, usidanganywe na bei ya mashine, mashine ni harusi tu, filta ndiyo ndoa. Utainunua tena na tena maisha yako yote. Nikamuuliza mbona asiikung'ute ukutani na kuirudisha. Akanitazama kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa na mtu ambaye nilimuuzia kitanda mimi mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia mdosi kazini kwamba jino linauma, nikaenda Machakos mjini. Duka la vyombo vya umeme, muuzaji anaitwa Kasyoki. Swali la kwanza: sebule yako ni kubwa kiasi gani? Kwa aibu nikasema ni kubwa sana. Kasyoki akasema basi mashine ndogo haitaweza. Nikaanza kuipunguza. Nikatoa kona ya meza, nikatoa njia ya kwenda jikoni, mwishowe sebule yangu ikawa sawa na choo cha baa, na mashine ndogo ikatosha.

Kasyoki hakukata tamaa. Alinieleza kama mtu anayefundisha darasa la watu wazima. Mashine ndogo ni elfu sita na mia tano. Filta yake ni elfu nne, na mahali penye vumbi inataka kubadilishwa kila miezi mitatu. Mashine kubwa ni elfu kumi na nane, lakini filta yake ni elfu tatu na inakaa mwaka mzima. Mwaka wa kwanza ukiisha, zote mbili zimekula karibu sawa. Kuanzia mwaka wa pili, ile ndogo inakufilisi polepole huku ikikutabasamia.

Nilicheka moyoni. Mimi nauza fanicha! Najua mteja anavyotishwa ili apande bei. Na hesabu ya Kasyoki ilikuwa na tundu moja kubwa: ilidhani nitanunua filta. Nani kasema nitanunua filta? Mwenye akili atafute namna ya kuzuia filta isichafuke. Sikuwa na namna bado, lakini niliona inakuja.

Nimenunua ndogo. Kasyoki aliniomba nisome kijitabu kabla ya kuiwasha. Nikamjibu kwamba nimekuwa nikisoma tangu nursery.

Alhamisi, 7 Agosti

Namna imekuja!

Nimefungua boksi jioni baada ya kazi. Mashine nzuri, nyeupe, ina taa moja ya kijani. Nje ina karatasi laini ya nailoni, na hiyo bila shaka nimeiacha. Kule dukani kwetu ni mimi ninayewaambia wateja wasivivue viti nailoni, kwa sababu siku unayoitoa ndiyo siku kitu kinapoanza kuzeeka. Sofa zangu ziko ndani ya nailoni mwaka wa tatu huu. Rimoti iko ndani ya nailoni. Mwongeli hulalamika kwamba joto likizidi anashikana na kiti na kubanduka kwa sauti, lakini viti ni vipya na hakuna anayeweza kubisha.

Basi nikafungua mgongo wa mashine. Filta iko ndani, nyeupe pe, na imefungwa kwenye nailoni yake, imezibwa vizuri pande zote. Kiwandani kuna watu wenye busara. Nilifungua kijitabu. Maandishi ni ya Kichina na Kiingereza cha kupimia macho, lakini kuna picha ya filta na makasi. Nimeelewa. Wanaonya mtu asikaribishe makasi karibu na filta.

Nikaketi chini kwa furaha. Jeremiah, na vyeo vyake vyote, ameiacha filta yake uchi mwaka mzima! Ndiyo maana ikawa nyeusi. Yangu itabaki kwenye koti lake. Haitachafuka. Isipochafuka, haibadilishwi. Elfu nne kila miezi mitatu nimezizima kwa kutofanya kitu chochote. Na hewa ni hewa, itapata pa kupenya.

Nimewasha. Taa ya kijani. Imenguruma kwa nguvu kuliko ya Jeremiah, kwa hivyo ni wazi kwamba inafanya kazi zaidi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nimemtumia Mwongeli video ya mashine. Alifurahi sana, nikamsikia kwenye simu akimwita Ndanu aje aone. Ndanu akasoma maandishi ya kwenye mashine kwa sauti, herufi kwa herufi, na kukohoa mara mbili katikati. Aliniuliza nitawachukua lini. Nilisema hivi karibuni. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Jambo dogo. Leo nimeona vumbi juu ya televisheni, vumbi la kawaida kabisa, la kuandikia jina. Nimelifikiria jambo hili na jibu ninalo. Ni vumbi la zamani. Lilikuwa limejificha nyuma ya kabati, sasa linafukuzwa na mashine, na kabla ya kuondoka ni lazima lipitie mahali. Likiisha litakuwa limeisha.

Jumanne, 12 Agosti

Siku ya ushindi. Jana jioni Jeremiah alikuja kukagua. Nilimwacha azunguke, kisha nikamuuliza kama angependa kuiona filta yangu. Nikafungua mgongo wa mashine nusu tu, nikaifunga haraka. Filta nyeupe! Siku zote hizi, barabara hii hii, vumbi hili hili. Macho yalimtoka. Akasema yake ikikaa siku kama hizo huwa imeshabadilika rangi. Akauliza ni mashine ya wapi. Nikamwambia ni teknolojia mpya, na nikiwa nasema hivyo nikatazama upande wa Konza, kule mji wa teknolojia unakojengwa. Sikutaja jina. Kutazama si uongo.

Jeremiah hakulala kwa raha, najua, kwa sababu leo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni. Anataka tubadilishane! Ile yake kubwa ya elfu kumi na nane, pamoja na filta mpya iliyo ndani ya boksi, kwa hii yangu ndogo. Anasema amechoka na ndoa ya filta.

Nilijifanya kufikiri. Halafu nikakataa. Nimpe mashine isiyokula kitu, anipe ile ya kula elfu tatu kila mwaka? Ananiona mimi ni mtoto? Alirudi kwake ameinamisha kichwa, nami nikanywa chai vikombe viwili. Sijawahi kumshinda Jeremiah tangu tuhamie hapa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwongeli amepiga simu. Mama mkwe hataki video. Anakuja mwenyewe, Jumamosi ijayo, pamoja nao. Hatalala, hawezi kulala kwa mkwe. Atafika kabla ya chakula cha mchana na kuondoka baada ya chai. Ndanu atacheza sebuleni muda huo wote mbele yake, na yeye atamsikiliza kifua. Akiridhika, watabaki hapa. Asiporidhika, hata nguo zao zilizobaki zitapakiwa siku hiyo hiyo. Na kabla ya yote, anataka filta ifunguliwe aione.

Nikamwambia Mwongeli aje tu, filta ni nyeupe. Mwongeli akaniuliza kama kweli nimefuata maagizo. Nikasema nimefuata mpaka yale ya picha.

Mashine imeanza kutoa harufu ya moto kidogo, kama pasi iliyosahauliwa. Pia inatetemeka na kusogea. Leo niliiacha chini ya dirisha, jioni nimeikuta karibu na mlango. Nimeikalisha kwenye kona na kuizuia kwa tofali.

Alhamisi, 21 Agosti

Vumbi la zamani haliishi. Nimeamua kusaidia mashine kidogo, kwa heshima ya mgeni. Nimepachika mashuka kwenye madirisha yote. Kisha nikaagiza lori la maji, nikamwambia dereva amwage nusu yake barabarani mbele ya nyumba yetu ili vumbi lilale. Akauliza mara tatu kama nimesema amwage. Majirani walitoka na ndoo wakanitukana kwa zamu, kwa kuwa mfereji haujatoa maji tangu Jumatatu. Malori yalipita, likawa tope. Jua la mchana likalikausha. Jioni malori yakalisaga, na sasa tuna vumbi laini zaidi ya lile la kwanza.

Mwenye nyumba amenitafuta. Nimejificha bafuni mpaka akaondoka.

Jumamosi, 23 Agosti

Nitaandika yote.

Walifika kabla ya saa sita. Nilisikia sauti ya mama mkwe langoni, nikatoka kwa mlango wa jikoni yeye akiingia kwa mlango wa mbele, vizuri kabisa, kama inavyotakiwa. Nikaketi kwenye kigoda uani, chini ya dirisha la sebule, mahali ambapo mtu husikia bila kuona. Ndanu akanikimbilia huko nyuma. Alinikumbatia shingo akaninyima pumzi, na kwa dakika hiyo sikujali mashine wala filta. Amekuwa mrefu. Kifua kimetulia kule Kangundo, nilisikia mwenyewe kilivyo safi. Kisha susu, yaani nyanya yake, akamwita, akaingia ndani.

Mwongeli alikuwa jikoni akipika. Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya mashine, na kiti kilipiga kelele ya nailoni kila alipojigeuza. Mashine ilinguruma. Ndanu akakohoa mara moja. Nikajiambia ni pilipili ya jikoni. Akakohoa tena.

Ndipo Jeremiah akachungulia juu ya ukuta. Alikuja kuomba tena tubadilishane. Katika kunibembeleza akasema yake ina hali nzuri, kwamba hata ile filta mpya bado iko kwenye nailoni, hajaitoa. Nikasema kwa nini aitoe. Akasema atatoa siku ya kuiweka, kwani nani anaweka filta na nailoni yake, hewa itapita wapi? Akacheka. Mimi nikacheka pia, kwa sauti ndefu, na kabla sijamaliza kucheka nikaelewa.

Hewa itapita wapi! Kwa hivyo ile harufu ya moto. Ile mitetemo. Picha ya makasi!

Nilikuwa na kazi moja tu, kuvua nailoni kabla mama mkwe hajaagiza mgongo ufunguliwe. Lakini alikuwa amekaa pale pale kando yake, na mimi siwezi kuingia chumba alimo. Nilipitisha fimbo ya ufagio dirishani kuivuta mashine. Nikaisikia ikigonga tofali, na mama mkwe akauliza kwa sauti kama kuna panya. Nikairudisha fimbo.

Basi nikamwandikia Mwongeli ujumbe. Kimya kimya, kwa akili. Nikaandika: Toa nailoni kwa filta haraka mama asione. Nikatuma.

Simu ikalia sebuleni. Mwongeli alikuwa jikoni, na simu yake ilikuwa inachajiwa juu ya meza mbele ya mama mkwe. Nilimsikia mama mkwe akimwambia Ndanu atazame, huenda ni mwenye gari la kuwarudisha. Na mtoto wangu, ambaye nimemlipia karo kwa jasho langu, akavuta pumzi na kuanza kusoma. To-a. Na-i-lo-ni. Susu yake akamsifu. Kwa. Fil-ta. Nikasimama. Nikakaa. Ha-ra-ka. Mama mkwe akasema endelea, mwanangu, unasoma vizuri sana. Ma-ma. A-si-o-ne.

Halafu Ndanu akauliza susu hatakiwi kuona nini.

Mwongeli aliitwa kutoka jikoni. Mgongo wa mashine ukafunguliwa. Sikuona nyuso zao, lakini nilisikia nailoni ikibonyezwa kwa kidole, taratibu. Mama mkwe hakupiga kelele. Alimwambia Mwongeli afunge mizigo, wamwite dereva, chai hakuna haja. Ndanu akaanza kulia kwamba hajaketi na baba, na kilio kikaleta kikohozi, na kikohozi hakikukoma.

Sijui kilichonishika. Nilijikuta sebuleni. Ndani! Mbele ya mama mkwe! Yeye akavuta leso na kujifunika uso, akageukia ukuta. Mwongeli akashika kichwa. Mimi nikatazama dari nisije nikamwona, nikapiga magoti kwa kupapasa, nikaivuta filta na kuichana nailoni kwa meno. Nikairudisha uchi. Nikawasha. Mashine ikashusha sauti, ikapuliza upepo wa kweli kwa mara ya kwanza tangu niilete, ukanipiga usoni.

Mama mkwe akamwambia Mwongeli aniambie kwamba nimeingia. Nikamwambia Mwongeli amwambie kwamba najua. Kila mmoja wetu alikuwa hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Halafu nikaongea na mashine, kwa sababu ndiyo peke yake niliyoruhusiwa kuitazama. Nikaiambia kwamba siwezi kukaa kwenye nyumba hii bila mtoto wangu. Kwamba nyumba ikinyamaza hivi nasikia vibaya, na chakula hakipiti. Kwamba mimi ni mjinga wa filta lakini si mjinga wa Ndanu. Mwongeli akaanza kuufungua mzigo aliokuwa ameufunga.

Nikatoka nikakaa kwa kigoda changu. Hakuna aliyemwita dereva. Ndanu akalala kwenye sofa karibu na mashine, mdomo wazi. Alikohoa mara moja nilipokuwa nikihesabu mawingu, kisha akatulia mpaka chai.

Hukumu ya mama mkwe, kupitia Mwongeli. Ndanu atajaribiwa hapa muhula mmoja. Kila mwisho wa mwezi filta ipigwe picha, itumwe Kangundo, na ikiwa nyeusi ibadilishwe siku hiyo hiyo, bila hadithi. Akisikia kikohozi kimeanza tena, atakuja na gari. Na kwa kuingia chumba alimoketi, nadaiwa mbuzi.

Jumanne, 26 Agosti

Ndanu ameenda shule hapa hapa Athi River. Cherehani imerudi. Nimeamka nikisikia mtoto akisoma dawa ya meno kwa sauti, na nikabaki kitandani nikisikiliza mpaka nikachelewa kazini. Mdosi aliniuliza kama ni jino tena.

Mbuzi ni elfu nane! Nimempeleka Kangundo na kumwacha langoni, bila kuingia. Njiani nikafanya hesabu ya Kasyoki kichwani. Elfu nane ni filta mbili. Mimi nimenunua filta mbili zenye pembe, ambazo zimenilia shati nikiwa njiani na hazichuji kitu. Nilihisi machozi, nikanunua ndizi.

Jeremiah hataki tena kubadilishana. Amesikia kisa chote, kwa sababu ukuta ni mwembamba. Ameniletea makasi kama zawadi.

Jumapili, 28 Septemba

Mwongeli na Ndanu wako kanisani. Mimi nimebaki kwa ajili ya jino.

Mwisho wa mwezi umefika na picha inasubiriwa Kangundo. Nimefungua mgongo wa mashine. Filta ni nyeusi! Mwezi mmoja tu! Nimempigia Kasyoki, akasema kwa eneo letu na kwa mashine ndogo hivyo, si ajabu, nipeleke elfu nne nichukue nyingine kesho. Anasema hivyo kama mtu anayesema habari ya asubuhi. Karo nimelipa, mbuzi nimelipa. Elfu nne sina, na hata ningekuwa nazo, kuna mambo ya heshima ya mtu.

Nilikaa chini nikaitazama hiyo filta kwa muda mrefu. Ndipo nikagundua jambo ambalo Jeremiah hajaliona tangu Januari ya mwaka jana, wala Kasyoki, wala Wachina wenyewe. Filta ina pande mbili! Mbele ni nyeusi kwa sababu vumbi huingilia huko. Nyuma, mahali vumbi halijawahi kufika, bado ni nyeupe kabisa. Watu wanatupa filta nusu yake ikiwa mpya!

Nimeigeuza. Upande mweupe umekaa mbele, upande mweusi umeelekea kule upepo unakotokea kuja sebuleni, mahali ambapo hakuna anayeuona. Nimepiga picha nzuri, yenye mwanga, nikaituma. Jibu limerudi hapo hapo: mama mkwe ameshangaa, ameridhika, na anasema huenda alinihukumu vibaya. Hii ni mara ya kwanza mama mkwe kunisifu tangu nimwoe binti yake.

Wamerudi kutoka kanisani sasa hivi. Nimewaambia wakae karibu na mashine wafurahie, nikaiwasha kwa kasi ya mwisho, nikakimbilia chumbani kuandika haya kabla sijasahau jinsi nilivyofikiri. Ndanu amepiga chafya, ni baridi ya kanisani. Mwongeli ananiita kutoka sebuleni, kwa jina langu na la baba yangu, na kwa sauti ya juu. Naenda kumweleza jinsi ya kugeuza, ili na yeye ajue.